Maiki kupiga mluzi kanisani: ikwalaiza peke yake haitoshi

Mkuu, umeuliza kwa nini maiki zenu bado zinapiga mluzi mchungaji akishuka madhabahuni ilhali mmeshanunua ikwalaiza ya bendi 31 (kifaa chenye vitufe 31, kila kimoja kikipandisha au kushusha sehemu yake ya sauti, kuanzia besi hadi sauti nyembamba), na kama mchange tena mnunue kile kiboksi kinachoua mluzi chenyewe. Nimekaa kwenye mitambo ya kanisa miaka tisa, na kosa hilo nililifanya kabla yenu.

Ukumbi wetu ni bati juu, saruji chini, kuta tupu. Siku ya kwanza ya ikwalaiza, kila palipolia nilishusha kitufe. Kufika mchana nimeshusha 15. Kimya! Ibada ikaanza, wazee wa viti vya nyuma wakaonyesha masikio, nikapandisha sauti, mluzi ukarudi vilevile. Kumbe ukishusha nusu ya bendi umepunguza sauti tu kwa kuzunguka. Mluzi ni masafa (kimo cha sauti, hupimwa kwa hezi) membamba kama sindano, ila kila kitufe kinakata theluthi ya oktava na kuwagusa majirani zake.

Siku hizi naanza na kitufe cha kukata besi kwenye miksa, chini ya hezi 100, kwa maiki zote za kusemea. Mtu anashika maiki pale itakapotumika, napandisha pole pole mpaka ianze kuimba, naangalia kwenye programu ya simu ni masafa gani, nakata desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 3, ikizidi 6. Halafu mluzi wa pili, wa tatu. Ukifika wa nne au wa tano masafa mengi huanza kulia kwa pamoja; hapo acha, vichujio vimemaliza kazi yao. Miksa ikiwa ya dijitali, tumia ikwalaiza ya parametriki (unachagua mwenyewe masafa na upana wa kukata), ukate kwa wembamba kabisa.

Kiboksi kinasaidia, lakini kwa kwaya nakiogopa. Hakijui tofauti ya mluzi na dada wa sauti ya kwanza aliyeshikilia noti ndefu. Vyote kwake ni sauti moja isiyokatika, basi kinamkata. Vingine husogeza masafa yote kwa hezi chache, njia ambayo Manfred Schroeder wa maabara za Bell aliieleza miaka ya 1960. Kwa mahubiri hutasikia tofauti. Kwa kinanda utasikia.

Sasa mchungaji wenu. Ulichokata akiwa madhabahuni hakimfuati akishuka, kwa sababu akipita mbele ya spika, sauti inaingia kwenye maiki kwa njia nyingine kabisa. Sogezeni spika mbele ya pale anapofika, zitazame waumini. Na aisogeze maiki mdomoni: kutoka sentimita 20 hadi 10 unapata kama desibeli 6 za bure, ambazo ikwalaiza yenu itazitafuta kwa shida. Asikifumbate kile kichwa cha wavu kama wasanii wa rap. Maiki ikizibwa pale inaanza kusikia pande zote, spika zikiwemo. Maiki za kwaya zifungwe wakati wa mahubiri, maana kila ukizidisha maiki zilizo wazi mara mbili unapoteza desibeli 3.

Kabla hamjachanga, piga picha ya madhabahu ionyeshe spika na monita (spika za kujisikilizia waimbaji) zilipo, uiweke hapa tuone.