Uloto ulioshindwa hauponi kwa vidonge vya kusafisha damu

Daktari, dada yangu ameambiwa uloto wake, yaani ule uboho ulio ndani ya mifupa, hautengenezi damu. Nimnunulie vidonge vya kuzuia oksidesheni, vile wanavyoviita vya kusafisha damu?

Hapana. Swali hili linaletwa kila mara, na waulizaji wanataja kidonge bila kutaja majibu ya vipimo. Chanzo kimejulikana?

Oksidesheni inahusikaje na uloto?

Inahusika sana. Ni uharibifu wa seli unaoletwa na radikali huru, chembe kali za kemikali zinazotokana na oksijeni. Seli shina za damu, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu, hukaa ndani ya uloto palipo na oksijeni kidogo, nyingi zikiwa zimetulia. Radikali huru zikizidi, seli hizo zinaamshwa, zinagawanyika ovyo, DNA yake inaumia, na akiba inaisha. Tazama ugonjwa ambao daktari Guido Fanconi wa Uswisi aliueleza mwaka 1927 kwa ndugu watatu. Wenye nao huzaliwa na hitilafu katika jeni za kurekebisha DNA, na maabarani seli zao hustawi vizuri zaidi kwenye oksijeni ya 5% kuliko kwenye ile ya 21% tunayovuta. Wauza vidonge huishia kusoma hapo, wakaacha sehemu iliyobaki: kidonge hakirekebishi jeni. Tena kwa wengi ambao uloto wao umekauka bila kurithi chochote, kinga ya mwili ndiyo inayoziua seli shina. Hao hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga au kupandikizwa uloto. Kila wiki inayopotea kwenye vidonge ni wiki ya hatari ya kuvuja damu na maambukizi. Na msidhani havidhuru: utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 1994 ulikuta wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, kizuia oksidesheni, wakiugua saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Mwanangu huongezewa damu kila mwezi. Nimpe na vidonge vya madini chuma?

Usimpe, mama. Chupa moja ya damu ya mtu mzima ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi. Hujikusanya kwenye ini na moyo, na chuma hicho ndicho kinachochochea radikali huru. Daktari wake akupe majibu ya feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, kisha muulize lini ataanza dawa ya kuondoa chuma.

Mimi ni fundi pikipiki, hunyonya petroli kwa mpira. Kuna madhara?

Acha leo, na usinawe mikono kwa petroli. Ina benzini, ambayo mwilini hugeuzwa kuwa kemikali zinazounguza uloto kwa oksidesheni hiyohiyo, na huweza kuleta lukemia, yaani saratani ya damu. Tumia pampu ya mkono. Ukiona michubuko bila kugongwa, au fizi zinatoka damu, kapime picha kamili ya damu.