Kugeuza kompyuta ya ofisi kuwa ya gemu: anza na pawa saplai, kadi baadaye

Kwa mwenye bajeti ndogo, kununua kila kipande kipya ndiyo njia ghali. Iliyo nafuu ni kuchukua kompyuta ya ofisi iliyotumika, hizi Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, kisha kuipachika kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Mgeni huuliza kwanza kadi ipi ina nguvu, na hapo ndipo pesa inapopotea. Kadi huja baadaye. Kinachoamua ni kasha na pawa saplai iliyomo, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, maana kwenye mashine hizi vitu hivyo viwili ni vigumu sana kubadilisha.

Modeli moja hutoka kwa maumbo kadhaa. OptiPlex 7050 ya mnara (tower, kasha kubwa la kusimama) ina pawa saplai ya wati 240. Ile nyembamba iitwayo SFF ina wati 180, na Micro, ndogo kama kitabu, hutumia adapta ya nje ya wati 65. Micro iache kabisa, haina sloti, yaani nafasi ya kuchomekea kadi. SFF hupokea kadi za kimo kifupi tu, zile za low profile, na muuzaji akupe pia bati fupi la kufungia, la sivyo kadi haitakaa. Angalia na kilicho kando ya sloti: ikiwa inapakana na ukuta wa pawa saplai, kadi nene ya nafasi mbili haiingii. Isitoshe, baadhi ya SFF haziruhusu wati 75 kamili kwenye sloti, kwa hiyo soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kulipa. Kwa maoni yetu, ongeza pesa kidogo uchukue mnara. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko usumbufu utakaouepuka.

Kwa nini usinunue tu pawa saplai kubwa? Kwa sababu madabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi za ofisi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Zina plagi ya pini 6 au 8 ya mtengenezaji mwenyewe, hivyo utahitaji waya wa kubadilishia unaolingana na modeli hiyo hasa, na mara nyingi umbo la pawa saplai ya kawaida halikai kwenye kasha. Inawezekana kwenye mnara, lakini si kazi ya kuanzia.

Kwa hiyo kaa na kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, ambao kikomo chake ni wati 75. GTX 1650 ni ya wati 75, lakini matoleo yake mengine yana tundu la pini 6 la umeme wa ziada, basi itazame kadi yenyewe na si jina lake kwenye boksi. RTX 3050 ya GB 6 ni ya wati 70 na ndiyo bora zaidi katika kundi hili ukiipata. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo inakaribia wati 130 na inadai waya wake wa umeme. RX 6400 inatumia wati 53 tu, ila huwasiliana na madabodi kwa njia nne za PCIe, mkondo unaopitisha data kwenye sloti. Kwenye mashine ya PCIe 3.0, na hizi zote za ofisi tunazozizungumzia ni 3.0, hupunguza kasi hasa kumbukumbu yake ya GB 4 inapojaa. GT 1030 iko yenye kumbukumbu ya GDDR5 na iko ya DDR4, na hii ya pili ni dhaifu sana. GT 730 ni ya kuonyesha picha tu, ukiambiwa ni ya gemu tabasamu uende zako.

Fundi akikwambia tundu la pini 6 litalishwa kwa waya wa SATA, kataa. Plagi ya SATA imekadiriwa takriban wati 54 kwenye laini ya volti 12, na pini 6 inaweza kuvuta 75. Plastiki huyeyuka, na moto ukianzia hapo hauishii hapo.

Prosesa ifuate umri wa madabodi. i5-6500 na i5-7500 zina kori nne bila nyuzi (threads) za ziada, na gemu mpya nyingi huzikwaza. i5-8500 ina kori sita na inafaa zaidi. Tarakimu ya kwanza baada ya i5- ndiyo kizazi: i5-7500 ni kizazi cha 7. Soketi ya kizazi cha 6 na 7 inafanana kwa macho na ya kizazi cha 8, zote huitwa LGA1151, lakini prosesa ya kizazi cha 8 haiwaki kwenye madabodi ya kizazi cha 7. Kizazi cha 8 kina faida nyingine: ndicho cha kwanza cha Intel kwenye orodha kuu ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025. Wanaocheza Valorant kwenye Windows 11 wahakikishe vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot vimewashwa kwenye BIOS, programu ya mipangilio ya madabodi.

RAM nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, vifanye kazi kwa pamoja. Prosesa za kizazi cha 4 hutumia RAM ya DDR3 na za cha 8 hutumia DDR4, hazibadilishani. DDR4 ya 3200 itafanya kazi na i5-8500 lakini kwa kasi ya 2666, usilipie ziada. Mtego mkubwa ni RAM ya seva iliyoandikwa ECC Registered: bei yake huvutia, nayo kompyuta ya kawaida haiwaki nayo.

Ukiamua kununua vipya, Ryzen 5 5600 na madabodi ya B550 ni mwanzo mzuri. Prosesa hii haina grafiki ya ndani, bila kadi hutaona picha. B450 ya zamani inaweza kuhitaji BIOS isasishwe ndipo iitambue. Pawa saplai ya kompyuta hiyo usiisome kwa namba kubwa ya ubavuni: tafuta mstari wa +12V uzidishe ampea kwa 12. Ampea 18 ni wati 216, hata kama pameandikwa 500W. Ikiwa nyuma ina swichi nyekundu, iwe 230, kwani ikiwa 115 itaungua dakika unayochomeka ukutani.

Dukani, omba kadi iwashwe mbele yako na ufungue GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ya BIOS yake zikauzwa kama GTX 1050 Ti, na programu hiyo huonyesha nyingi kati yake kwa neno FAKE. Kisha endesha gemu robo saa, usikie feni. Chomeka kioo (monita) kwenye kadi, si kwenye madabodi. Kioo cha VGA tupu kitahitaji kibadilishi chenye chipu ndani yake, maana DVI-D na HDMI hazitoi mawimbi ya analogi.