Jibu: Mpira wa miguu na basketi pamoja chuoni

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa hapa Lubumbashi anaweza kucheza mpira wa miguu na basketi bila kuharibu kimoja. Anaweza. Mtazame Charlie Ward wa Chuo Kikuu cha Florida State, Marekani. Mwaka 1993 alipata Heisman, tuzo kubwa kuliko zote ya futiboli ya Kimarekani vyuoni (mchezo tofauti na mpira wetu wa miguu), na timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa. Futiboli ikimalizika, ndipo alihamia basketi, ambayo msimu wake ulikuwa umeshaanza. 1994 NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, haikumchagua. New York Knicks, timu ya basketi ya kulipwa, wakamchukua! Kwa hiyo usimfiche kocha yeyote. Waombe wote wawili wakupangie ratiba, mchezo mmoja utangulie. Mazoezi mawili kila siku yanaweza kukuumiza magoti.