Bia ya Pipa: Mbona Haina Baridi Wala Povu?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi niko Sheffield, Uingereza, mwaka wa pili sasa. Wenzangu wa kazini wamenikatia tiketi ya tamasha la bia la hapa mtaani Ijumaa ijayo, wanasema kutakuwa na mapipa ya majaribio, sijui stauti (ile bia nyeusi) ya kahawa na pilipili, sijui bia ya embe, wamechangamka kama wanaenda harusini. Ishu ni kwamba hii bia yao ya pipa nilishaonjeshwa pub moja nikaona kama ya jana, vuguvugu, gesi hamna, nikaimaliza kwa heshima tu. Sasa nitajuaje kama bia ndivyo ilivyo au imeharibika? Na naanzia wapi maana nasikia ziko nyingi balaa.
Mangi wa Sheffield

JIBU: Marahaba Mangi. Kwanza lile swali la mhudumu wa baa za kwetu, "ya baridi au ya moto?", liache nyumbani, maana huku kuna jibu la tatu ambalo ni joto la stoo ya chini ya pub, nyuzi kama 11 hadi 13. Siyo kwamba friji hawana. Ukiigandisha bia ya namna hii ladha zote zinalala, unabaki unakunywa ubaridi tu, ambao kwa laga kwenye jua la Dar ni sawa kabisa ila hapa umetupa hela.

Gesi nayo ina sababu yake. Bia ya kegi inachujwa halafu inasukumwa na gesi ya mtungi, ila hii ya pipa inaingia ndani na hamira yake ikiwa hai, inaendelea kuchacha humo humo, na kagesi unakokasikia ulimini ni hako hako hamira imekatengeneza yenyewe. Wewe mtu wa Moshi hapa huna cha kufundishwa, mbege ya asubuhi na mbege ya jioni si unajua siyo kitu kimoja, na ule uchungu wa gome la msesewe huku wanautoa kwenye hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia. Pipa likishafunguliwa hewa inaingia, ndani ya siku kama 3 hivi bia imechoka. Ndiyo maana miaka ya 60 viwanda vikubwa vilikuwa vinaikimbia, kegi haina usumbufu, mpaka jamaa wanne wakaanzisha CAMRA, chama cha wanywaji, mwaka 1971 kuipigania. Matamasha mengi ya mitaani yanaendeshwa na matawi ya CAMRA na wanaokumiminia wanajitolea tu, hawalipwi, kwa hiyo waulize chochote, wanapenda kuulizwa mpaka basi, utatafuta pa kutokea.

Halafu kuna hili la povu ambalo wewe wa Sheffield litakuchanganya zaidi. Pub za kaskazini wanafunga kadude kenye vitundu mdomoni mwa pampu, bia inapita kwa kubanwa inatoka na povu zito. Kwenye tamasha mapipa mengi yamelazwa kwenye fremu ya chuma, bomba limegongewa mbele kwa nyundo ya mti na bia inashuka yenyewe, hakuna pampu, kwa hiyo povu linakuwa dogo na wala hujaibiwa. Ukisogea angalia juu ya tumbo la pipa utaona kakijiti kamechomekwa, hako ndiko kanaachia gesi iliyozidi, na machicha yametulia chini kwenye tumbo ndiyo maana hutaona mtu analitikisa.

Sasa majaribio. Siri ni kwamba mara nyingi mpishi wa bia hajapika bia mpya kabisa, amepika ya kwake ya kawaida akachota akajaza pipa moja la lita 41, au lile dogo la nusu yake, humo ndiyo anatupia embe, kahawa, pilipili au hopsi za ziada. Likibuma kapoteza pipa moja. Na likiisha limeisha, lile dogo ni painti 36 tu (painti ni glasi yao kubwa, nusu lita na kidogo), kwa hiyo Ijumaa mapema siyo sawa na Jumamosi jioni.

Msimamo wangu: usianze na hayo maajabu. Matunda na viungo vinaficha mengi. Tafuta kama hicho kiwanda kimeleta pia bia yake ya kawaida, ile bitta (bia ya kawaida ya Kiingereza yenye uchungu kidogo) ya kilevi asilimia 4 ambayo hakuna anayeipigia foleni, onja hiyo kwanza. Mtu akishindwa kupika bia nyepesi ikanyooka, embe halitamwokoa. Ikiwa safi, basi nenda kwenye jaribio lake kwa amani, na hapo swali ni moja tu, bado unaisikia bia chini ya hiyo pilipili au unakunywa achari?

Iliyoharibika utaijua kwa pua kabla ya ulimi. Siki kwenye bia ambayo haikuandikwa kuwa ya uchachu, hewa imeiwahi. Boksi lililolowa, imezeeka. Siagi nzito kama bisi za sinema, hamira haikumaliza kazi. Ila harufu ya kiberiti kwenye bia za mji wa Burton usiikimbie, maji ya kule yana salfeti nyingi na wenyewe wanaipenda. Bia kuwa na wingu, isionyeshe upande wa pili wa glasi, nako siku hizi siyo kesi, wengine wanaliacha makusudi. Ukiona ina shida rudisha kistaarabu, useme ni siki, usiseme tu "mbaya", atainusa mwenyewe na kawaida anabadilisha.

Agiza theluthi ya painti, glasi ina mistari, ni kama mililita 189. Lakini usidanganywe na udogo wake, theluthi 3 za stauti ya asilimia 8 ni pombe ile ile ya painti 2 nzima za bia ya asilimia 4, kwa hiyo nyepesi zitangulie, nzito na za uchachu zije mwisho, kula kitu kabla, gari libaki nyumbani. Ikikushinda imwage kwenye ndoo, ziko kwa kazi hiyo, na hizo za heshima kama ulivyofanya pub acha.

SWALI: Anko, ni kweli wanaweka samaki kwenye bia? Mume wangu hali nyama wala samaki na amekuwa akiinywa miaka.
Mama K, Reading

JIBU: Pole yake, ndiyo. Wengi wanatumia unga au ute wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, ndugu zetu wa Mwanza wanayajua ya sangara, kuvuta hamira itulie chini bia ing'ae. Mengi yanabaki na machicha kwenye pipa ila kwa msimamo wake hilo halimsaidii. Guinness walitangaza 2015 kwamba wanaachana nayo, na kwenye matamasha siku hizi nyingi zina alama ya vegani (hakuna kitu cha mnyama wala samaki) kwenye kadi ya pipa, hasa hizo zenye wingu. Aulize tu kaunta, hakuna atakayemshangaa.