Maswali ya Wasomaji: Upepo wa Baharini na Masharti ya Gridi

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasomea umeme hapa Mbeya. Nasikia Uingereza wana mitambo ya upepo katikati ya bahari. Umeme wake unafikaje nchi kavu, na kwa nini wenye gridi wanaweka masharti mengi kabla ya kuupokea?

JIBU: Marahaba. Chukua Hornsea One: mitambo 174, kila mmoja wa MW 7, kilomita 120 hivi kutoka pwani ya Yorkshire. Umeme hukusanywa kwenye vituo vilivyosimama baharini, hupandishwa hadi msongo wa kilovoti 220, kisha husafiri kwa kebo zilizofukiwa chini ya sakafu ya bahari.

Kebo ndiyo inayoanza kusumbua. Waya wa ndani, plastiki inayouzunguka na ganda la metali la nje ni kapasita ndefu, yaani kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Kwa kilovoti 220, kila kilomita hudai MVAr 2.5 hadi 3 kwa kujichaji tu (MVAr ni kipimo cha nguvu riaktivu, ile inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi). Kwenye kilomita 100 mkondo huo unakula nafasi kubwa ya kebo, na volteji inapanda mzigo ukiwa mdogo. Ndiyo maana Hornsea One ina kituo cha riakta (koili kubwa zinazofidia mkondo huo wa kujichaji) njiani, baharini humohumo. Umbali ukizidi sana, wajenzi huhamia mkondo mnyoofu (DC), ambao hauichaji kebo upya kila mzunguko. Gharama yake ni vituo vya kubadilisha umeme ncha zote mbili.

Sasa masharti. Kanuni za Uingereza zinataka mtambo ubaki umeunganishwa hata hitilafu ikishusha volteji ya gridi hadi sifuri kwa milisekunde 140. Volteji ikirudi, ndani ya nusu sekunde uwe umerejea angalau asilimia 90 ya nguvu uliyokuwa nayo. Masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde ambayo kawaida ni hertz 50, yakishuka kati ya hertz 47 na 47.5, uvumilie sekunde 20. Mitambo ikijitoa kwenye gridi kila radi inapopiga, pengo la umeme linakuwa kubwa kuliko hitilafu yenyewe.

Tarehe 9 Agosti 2019 jambo hilo lilitokea. Radi ilipiga laini kaskazini ya London, na relei (vifaa vya ulinzi vinavyoamuru swichi zikate umeme) zikaiondoa hitilafu upesi kama zilivyopangwa. Lakini Hornsea One ilianguka kutoka MW 799 hadi 62, kituo kimoja cha gesi nacho kikatoka, pamoja na mitambo midogo mingi. Masafa yalishuka hadi hertz 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa. Upande wa Hornsea, mfumo wa kudhibiti volteji ulianza kuyumba baada ya mtikisiko ule. Seting zake zikabadilishwa.

Kwa hiyo ruhusa hutolewa kwa hatua: kwanza kuwasha kebo na transfoma peke yake, kisha kuzalisha kwa muda huku vipimo vikifanyika, na ya mwisho hutoka vipimo vikilingana na modeli ya kompyuta. Jifunze modeli hizo mapema, kijana wetu. Hapo ndipo miradi mingi inakwama.

SWALI: Mtambo wetu wa MW 2 uko mwisho wa laini ya kilovoti 33, kilomita 40 kutoka kituo cha kupoza umeme. Usiku unajizima wenyewe kwa volteji kuzidi. Relei ni mbovu? – Fundi, Mafinga

JIBU: Usiilaumu relei kwanza. Tuseme laini ina ohm 0.3 kwa kilomita, yaani ohm 12 kwa jumla. Watti milioni 2 mara 12, gawanya kwa volti 33,000: volteji kwenye mtambo inapanda volti 727, asilimia 2.2. Mchana mzigo wa vijiji hupunguza hilo. Usiku hakuna wa kulipunguza.

Weka mtambo uvute nguvu riaktivu kidogo. Kwa pawa fakta (sehemu ya nguvu yote inayofanya kazi kweli) ya 0.95 unavuta MVAr 0.66; laini ikiwa na riaktansi (ukinzani unaotokana na sumaku ya mkondo geu) ya ohm 14, volteji inashuka volti 279 hivi. Isipotosha, ombeni kituo kishushe tepu ya transfoma saa za usiku, au punguzeni uzalishaji saa hizo. Msipandishe seting ya relei bila kibali cha mwenye laini: volteji hiyohiyo inaingia kwenye nyumba za majirani.