Miwani kushuka puani na kuuma masikio

Dada pole sana, nimekuelewa, miwani inashuka puani kila ukiinama halafu ikifika jioni nyuma ya masikio panauma, na sasa unataka fremu mpya itakayoupendeza uso wako wa duara. Mimi niliteseka hivyohivyo miezi kadhaa. Kabla hujanunua nyingine angalia ndani ya mkono wa hiyo uliyonayo, mara nyingi kuna namba kama 52-18-140, ya kwanza upana wa lenzi, ya pili nafasi ya pua, ya tatu urefu wa mkono, zote milimita, utalinganisha nazo ukichagua mpya. Sisi wenye pua pana isiyoinuka sana fremu ya plastiki huwa inateleza tu, tafuta ya chuma yenye vile vipedi vidogo vya silikoni, fundi anavikunja mpaka vikae. Dukani usijitazame kioo tu, inama, cheka, mashavu yasiinyanyue. Uso wa duara unapendeza na fremu yenye kona, ila ukipenda nyingine we vaa. Hiyo ya zamani usiikunje mwenyewe itavunjika, wapelekee mafundi wa miwani, kama ni ya plastiki wataipasha moto waikunje ikukae, wengine hata hela hawatozi. Kichwa kikiuma au unaona ukungu, hapo siyo fremu tena, nenda kapime macho upya.