Usichovye maembe mara mbili: tunda lililovunwa bado linapumua

Ndugu mleta mada, usichovye chochote kesho. Umeandika kwamba umeshapika mchanganyiko wa wanga wa muhogo na nta ya nyuki, na kwamba utayachovya maembe yote mara mbili ili utando uwe mnene na yakae muda mrefu zaidi. Mimi nilipoteza mzigo mzima kwa kufuata hesabu hiyo hiyo, na sitaki kuona mtu mwingine akiumia.

Embe likishachumwa haliwi kitu kisicho na uhai. Linaendelea kuvuta oksijeni na kutoa kabonidioksidi na joto, na kuiva kwake kunategemea pumzi hiyo. Utando mwembamba hupunguza hewa inayoingia kwa kiasi tu, kwa hiyo uivaji hupungua kasi na maji hayapotei haraka. Utando mzito huliziba kabisa. Oksijeni ikiisha ndani, nyama ya tunda huanza kuchacha na kutengeneza ethanoli, yaani pombe, na hapo hata ukiosha utando wote, ladha hairudi.

Maembe yangu yalifika yaking'aa, ya kijani na magumu kana kwamba yamechumwa asubuhi ile. Mnunuzi alikata la kwanza, na kabla kisu hakijafika kwenye kokwa tulisikia harufu ya pombe. Nyama ya karibu na kokwa ilikuwa imelainika na kugeuka rangi ya kahawia, ilhali ya chini ya ganda ilikuwa bado ngumu na nyeupe. Tukakata la pili na la tatu, hali ikawa ile ile.

Aliyetufundisha alikuwa akiuza dawa hiyo ya kupaka, na alisema bila kusita kwamba ukipaka mara mbili, muda nao unaongezeka mara mbili. Alituonyesha matunda yanayong'aa juu ya meza, ndani ya chumba chenye ubaridi, wala hakukata hata moja mbele yetu. Hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu hakuna mtu anayefanya kazi hii asiyejua kwamba joto hubadilisha kila kitu: likipanda kwa nyuzi 10, upumuaji wa tunda huongezeka takriban mara 2 hadi 3, lakini utando haupitishi hewa zaidi kwa kiwango hicho. Utando unaofaa kwenye ubaridi unaweza kulinyonga embe lile lile ndani ya lori lililofunikwa turubai juani.

Kwa hiyo shika sharti hili kabla ya mengine yote. Paka maembe machache, yaweke pamoja na yasiyopakwa katika joto lile lile ambalo mzigo utasafiri nalo, usubiri hadi yaive, kisha kata, nusa na uonje. Ung'avu wa ganda usikudanganye. Kama yaliyopakwa yanagoma kuiva au yananuka kileo, zimua mchanganyiko na uanze upya.

Chovya mara moja tu, maembe yakiwa yamekomaa bila kuanza kuiva, yameoshwa utomvu na kukauka kabisa. Usitegemee utando kuponya chule, ugonjwa wa kuvu unaotia maembe madoa meusi, kwa maana kuvu wake huingia tunda likiwa bado mtini na kujificha ndani ya ganda. Dhidi ya chule, wengi huyatumbukiza maembe kwanza kwenye maji ya nyuzi 52 hivi kwa dakika 5. Ukihamia kwenye kaitosani, ambayo nayo hupakwa matunda kama utando, waambie wanunuzi kwamba hutokana na magamba ya kamba na kaa, kwa kuwa wapo wanaodhurika na vyakula hivyo. Kuhusu swali lako la kupaka mapapai yako utomvu wa shubiri, naomba wenye uzoefu nayo wakujibu.

Andika hapa joto la sehemu unakohifadhi na la gari litakalobeba, pamoja na aina ya maembe yako, kisha tuone mchanganyiko uzimuliwe kwa kiasi gani kabla hujagusa mzigo.